Sentimita Saba: Kumbukumbu za Kikao cha Kupandisha Injini ya Boti ya Zahanati

...na kama tulivyokuwa tunabishana Jumatano mpaka kikao kikavunjika bila hata kuagana, suala lilikuwa lile lile: boti yetu imekuwa nzito, na kila mmoja anamnyooshea mwenzake kidole. Hivyo tulikutana tena, safari hii tukiwa na rula.

CHAMA CHA WENYE BOTI NDOGO, GATI LA PILI
Kikao cha dharura, Jumamosi, tarehe 17 Agosti
Mahali: ofisi ya chama, chumba cha nyuma ya duka la vipuri, baadaye gatini

WALIOHUDHURIA
1. Mwenyekiti
2. Nahodha wa boti ya zahanati, maarufu kwa jina la Mama Usukani
3. Seremala wa chama, shemeji yake Mwenyekiti
4. Fundi wa injini (mwalikwa)
5. Katibu, mwandishi wa kumbukumbu hizi

WASIOHUDHURIA
Mjumbe wa abiria, kwa udhuru: anauguza. Makamu Mwenyekiti, bila taarifa, ingawa alionekana dirishani akinywa chai upande wa pili wa barabara.

KUMB. NA. 1/8: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao saa tatu na robo asubuhi. Katibu aliomba nafasi akatamka wazi kwamba Fundi ni mume wake wa ndoa, wiki ya tano sasa, na akauliza kama kuna mwenye pingamizi yeye kuandika. Mama Usukani alisema, "Pingamizi la nini, bi harusi? Hata ukinyamaza, uso wako unatangaza." Wajumbe walicheka. Mwenyekiti hakucheka. Alielekeza kwamba Katibu aandike mambo ya boti tu. Katibu aliahidi kujitahidi.

KUMB. NA. 2/8: BARUA YA MKUNGA
Katibu alisoma barua ya Mkunga wa zahanati ya ng'ambo. Barua ilikumbusha kuwa chama kilikubali kuwavusha wajawazito wenye matatizo kwenda hospitali kwa muda usiozidi nusu saa. Tarehe 6 boti ilitumia dakika arobaini na moja, na mama mmoja alijifungua katikati ya maji, akiwa amelazwa juu ya jaketi za kuokolea. Mama na mtoto ni wazima. Mkunga ameandika: "Safari hii tulipona kwa bahati. Sitampandisha mama mwingine kwenye boti hiyo mpaka nihakikishiwe muda. Mwezi ukiisha sijapata jibu, nitawapeleka kwa barabara."

Ilielezwa kwamba kwa barabara ni saa mbili na nusu, kama hakuna mvua.

Mama Usukani, ambaye ndiye aliyeendesha siku hiyo, alisema: "Mkono wa mafuta niliuzungusha mpaka mwisho. Injini inalia, boti imeinua pua kama inanusa mawingu, na haiendi. Nikasikia kichanga kinalia nyuma yangu. Nikalia na mimi." Aliomba hilo liandikwe kama lilivyo.

KUMB. NA. 3/8: CHANZO CHA BOTI KUWA NZITO
Mwenyekiti alieleza kwamba injini ni ile ile na boti ni ile ile. Kilichobadilika ni fundi, aliyeanza kazi mwezi wa nne, na uzito nao ulianza mwezi wa nne. Alipendekeza Fundi aondolewe na kitafutwe chombo chenye injini kubwa zaidi. Aliongeza, "Juzi tu kavaa koti la harusi, leo anatufundisha maji."

Katibu aliweka kalamu chini kwa muda, kisha akaichukua tena.

Fundi alijibu kwa upole, ule ule ulionifanya niikubali posa yake kabla wazee hawajamaliza kukaa: "Mzee wangu, injini ni nzima. Imekaa chini mno, basi." Alieleza kwamba juu ya propela kuna bapa la chuma, pana kama kiganja, na bapa hilo linatakiwa kuwa usawa mmoja na sakafu ya boti kwa nje. Likizama zaidi ya hapo, shingo nzima ya injini inaburuta maji. "Ni kama kukimbia huku umefungwa ndoo kiunoni, ndoo inakokotwa nyuma," alisema. Kwa kipimo alichochukua asubuhi, bapa la injini yetu liko sentimita saba chini ya sakafu.

Mwenyekiti alipinga. Alisema kina ndicho kinachoipa propela nguvu, na kwamba injini ya juu hupumua hewa, ikakosa mshiko na kuungua. Fundi alikubali kwamba hayo nayo ni kweli ikipandishwa kupita kiasi. Mama Usukani alisema, "Haya, kaka, wewe umeipima lini?" Mwenyekiti alijibu kwamba yeye ameendesha boti kabla baadhi ya waliopo hawajaota meno. Mama Usukani alisema hakuuliza habari za meno.

Hapo Seremala, ambaye mpaka wakati huo alikuwa akikwaruza meza kwa msumari, aliomba kusema. "Shemeji, utanisamehe. Nimenyamaza miezi minne, sasa yatosha." Alieleza kwamba alipobadilisha ubao wa nyuma unaobeba injini, mwezi huo huo wa nne, Mwenyekiti alimwagiza aukate uwe mfupi kwa vidole vinne ili injini izame vizuri. Aliukata. Wiki hiyo hiyo ndipo Fundi alipoajiriwa.

Mwenyekiti aliulizwa kama ni kweli. Alisema ni kweli. Alieleza kwamba zamani, yeye akiwa nahodha, injini iliwahi kuchomoka kwenye kona ikazama mbele ya macho yake, na tangu hapo hapendi kuiona ikikaa juu. Fundi alisema injini haishikwi na kina, inashikwa na boliti, na akamwahidi boliti nne mpya. Hakusema zaidi, ingawa angeweza. Katibu alimtazama, na anaomba radhi kwamba dakika moja hivi ya majadiliano haikunakiliwa.

Iliazimiwa kwamba mtu yeyote asiondoke mpaka jambo hili lipimwe majini.

KUMB. NA. 4/8: JARIBIO
Wajumbe walihamia gatini saa nne na nusu. Kutoka gati mpaka boya jekundu ni sehemu moja ya sita ya safari yote. Boti ilipakiwa mifuko ya mchanga yenye uzito wa mgonjwa na wasindikizaji wawili. Mama Usukani alishika usukani, Katibu saa, na Mwenyekiti alikaa nyuma karibu na injini, kwa matakwa yake mwenyewe. Kila mara ilipobidi kubadilisha kimo, Seremala alikata kipande cha mbao ngumu kikawekwa juu ya ubao, wanaume watatu wakainua injini, na Fundi akafunga boliti.

Ilivyokuwa, bila kubadilisha kitu: dakika sita na sekunde arobaini na tano. Pua juu, nyuma maji yanaruka, Mwenyekiti alilowa mpaka kifuani.

Kupandisha sentimita nne: dakika tano na sekunde ishirini. Mama Usukani alisema boti imeanza kukumbuka njia.

Kupandisha sentimita tisa: dakika nne na sekunde thelathini. Wajumbe walishangilia mapema. Kwenye kona ya kurudi injini ilipiga yowe, propela ikakosa mshiko, na ule uzi wa maji unaotoka ubavuni mwa injini kuonyesha kwamba inapoa ukawa matone. Mwenyekiti alipaza sauti, "Zima! Zima, mwanamke!" Mama Usukani alizima. Fundi alisema Mwenyekiti yuko sahihi kabisa, hapo ni juu mno, na akamshukuru kwa kuwahi kuuona ule uzi wa maji. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wawili hao kukubaliana tangu mwezi wa nne.

Kushusha mpaka sentimita saba, bapa usawa na sakafu: dakika nne na sekunde thelathini na tano. Kona kulia, kona kushoto, mshiko upo, uzi wa maji mnene kama kamba ya kiatu. Walirudia mara tatu, na hakuna safari iliyozidi dakika nne na sekunde arobaini.

Katibu alipiga hesabu: safari yote ni dakika ishirini na nane, ikizidi sana. Fundi alikuwa na grisi mpaka kwenye nyusi. Katibu anaandika, kama sehemu ya kumbukumbu, kwamba hajawahi kumwona akipendeza hivyo, hata siku ya koti.

KUMB. NA. 5/8: MAAZIMIO
(a) Seremala atengeneze ubao mpya wa nyuma, mrefu kuliko wa sasa kwa sentimita saba, mzima bila kiraka, ndani ya siku nne.
(b) Fundi afunge boliti nne mpya, na kimo kipimwe upya kila mzigo wa kawaida unapobadilika au propela inapobadilishwa.
(c) Pendekezo la kumwondoa Fundi liliondolewa na aliyelitoa.
(d) Mwenyekiti aliagiza maneno yake yaandikwe bila kupunguzwa: "Niliishusha kwa woga wangu, na mama wa watu akazalia kwenye maji. Kijana hana kosa. Mimi ndiye nitakayemweleza Mkunga, ana kwa ana, sitamtuma mtu."

KUMB. NA. 6/8: KUFUNGA KIKAO
Kikao kilifungwa saa nane na dakika kumi mchana, wajumbe wakiwa wamelowa na wakiagana vizuri.

Sahihi: ........................ Mwenyekiti
Sahihi: ........................ Katibu

Nakala: Mkunga, zahanati ya ng'ambo.
Mama yetu mpendwa, Mwenyekiti ameniagiza niongeze haya kwa mkono wangu. Usiwapeleke kwa barabara bado. Tutakuja, yeye, Mama Usukani, mimi na mume wangu, Jumanne ya tarehe 27, kabla mwezi haujaisha. Utapanda mwenyewe, utakaa pale mgonjwa anapolala, na saa utaishika wewe.