Mikoko ya Mayasa na Ile Tiketi

Mlingotini,
Bagamoyo.
Siku ya kumi, Mfungo Tano.

Mwanangu mpendwa Zuwena,

Asalaam alaykum. Kwanza niambie, kile kifua kimepoa, au bado unalala chini ya lile dude la baridi? Mumeo Zayed hajambo? Mimi mzima, namshukuru Mungu. Magoti tu yanalia nikitoka kwenye mwani. Mayasa amerefuka. Gauni lake la Idi limeshakuwa shati.

Barua hii naiandika mwenyewe kwa herufi za Kiarabu nilizofunzwa chuoni, maana shule sikuiona, na kwenye simu Mayasa ndiye mdomo wangu. Haya sitaki yapitie kwake. Nampa Shuaibu wa dukani, anakuja huko Jumanne.

Habari ya tiketi nimeipata. Unasema shule za huko Maskati ni bora, na mwezi ujao kuna watu watampitia Mayasa asafiri nao. Nimekaa na maneno hayo siku sita. Kabla sijakujibu, ujue mwanao anasoma nini, usije ukadhani tumemweka bure.

Mwalimu wao wa sayansi, Amin, kijana wa Lugoba, haridhiki na ubao. Siku hizi jiko langu si langu. Maganda ya muhogo na matumbo ya samaki sina ruhusa ya kuyatupa, yana shimo lao la mboji. Jirani alikuja kuuliza tumezika nini.

Waliokota pakiti za maziwa ufukweni, wakazifanya viriba, wakaotesha mikoko, miche mia mbili. Wakaenda kuipanda siku ya bamvua, mwezi mpevu wa siku kumi na tano, maji yamekimbia mbali kabisa, nao wakayafuata huko huko. Mimi niko kwenye mwani wangu nawaona. Nikajua wanakosea. Nikafunga mdomo, nikasema wasomi hao, mimi nani. Hilo linaniuma mpaka leo.

Yalipokuja maji mafu, siku ambazo bahari haitoki mbali, pale hapakukauka hata siku moja. Miche ikazama, ikaoza. Mayasa amesimama na rula yake, hana cha kupima. Siku mbili hakula, hata samaki wa nazi.

Nikajifunga kanga nikaenda shule, mara yangu ya kwanza kuvuka lango lile. Nikamwambia Amin, "Mwalimu, mmejenga nyumbani kwa bahari siku ambayo mwenyewe katoka."

Nilidhani atanuna. Akaniuliza, "Na hurudi lini, Bibi?" Kisha akanisimamisha mbele ya darasa. Nikawaeleza tunavyohesabu mwezi, siku za bamvua na siku za maji mafu, na kwamba mkoko unataka kulowa na kupumua kila siku. Wote wakaandika. Mimi, Zuwena, nimo daftarini. Mayasa alikaa mbele, kakunja paji la uso kama wewe ukitunga uzi kwenye sindano. Nikashindwa kumtazama.

Wamepanda upya, juu zaidi. Mche wa Mayasa una majani sita, na kila Ijumaa anakwenda kuupima.

Juzi tunachambua mchele akaniuliza, "Bibi, nikiondoka, nani atapima?"

Nikasema mimi.

"Wewe hujui kusoma rula."

Kweli sijui. Basi ananifundisha. Nimefika kumi na mbili.

Sikukatazi mwanao. Wewe ndiye uliyemzaa, na huko unakoshona nguo za watu unamlilia. Najua, maana mimi nakulilia wewe. Miaka minane nakuona kwenye kioo cha simu, na nikikugusa unapotea.

Ila mtoto huyu simtoi kwa watu wa kumpitia. Yeye si mzigo. Tiketi hiyo kaibadilishe, ukate na ya kwako. Utasema mama ana hila. Ndiyo, ni hila, wala siionei haya. Njoo ukae hata siku tano, nikushike uso, nikuone unavyokula, halafu uondoke naye mkono kwa mkono. Nitalia, lakini nitakuwa nimewaona wote wawili chini ya paa langu.

Kaka yako Msabaha na mjomba wako Khamis wanakusalimu. Nisalimie Zayed na dada yake Hanadi. Mungu akukinge na kila jicho baya, akufungulie njia ya kurudi kwetu.

Ni mimi mama yako, nikupendaye kuliko ninavyojua kuandika,

Mize binti Abdala