Baraka Imepita

Kaka Ramazani,

Kuna neno sijamwambia mtu. Hapa nyumbani wanasema umekufa kwa malaria, na mimi naitikia kwa kichwa kama kawaida yangu. Lakini nilikuwa nyuma yako kwenye mstari. Niliona. Wewe umekufa kwa kuchezeshwa ngoma. Basi, nimeliandika. Limetoka.

Ni mchana. Mama yuko sokoni, Baba yuko ufukweni anaziba mitumbwi. Kesho lori linapeleka kundi letu Uvira, kwenye mashindano ya animasyo, zile nyimbo na ngoma za kumsifu Mwongozi, rais wetu. Kiongozi wa vijana wa Chama ameamuru nishike nafasi yako ya mbele, na kibao chako cha kriketi mkononi. Leo atapita kuchukua jibu, ingawa kwao jibu ni moja tu. Mama ananiambia, "Zuhura, uende tu ucheze, mwanangu. Tumeshazika mumoja."

Nani alijua kriketi hapa Baraka kabla yako? Tulipokimbilia Kigoma wakati wa vita, wenzetu walirudi na masufuria na mikeka. Wewe ulirudi na mchezo wa watoto wa Wahindi wa madukani. Mimi nilirudi na Kiswahili cha daftari, nikakuta Kifaransa kinaningoja shuleni, na kwa lugha zote mbili niliogopa kunyanyua kidole. Wewe hukuogopa. Ulichonga kibao cha kupigia kutoka ubao wa mtumbwi uliooza, ukazungushia uzi wa nyavu juu ya kipande cha mpira wa baiskeli kikawa mpira wa kurusha, ukaita vijana nyuma ya ghala la pamba.

Wote walirusha kama wanafukuza ndege kwenye mpunga. Ukapiga kelele, "Mukono unyooke! Hapa hakuna ndege!" Mkono wangu tu ndio ulionyooka. Ulisema ni kwa sababu sijawahi kumpiga mtu jiwe. Ndiyo maana uliniingiza, msichana peke yangu, na aliyecheka ulimwambia, "Simama mbele yake basi, tuone." Alisimama. Vijiti vitatu ulivyosimika nyuma yake vilianguka vyote.

Unakumbuka siku ya punje za mahindi? Ulizipanga kwenye mkeka. Hizi kubwa, ulisema, ni nchi zinazoingia Kombe la Dunia la kriketi bila kuulizwa. Hizi ndogo zinaalikwa kwenda Uingereza, zinagawanywa makundi, zinapigana zenyewe kwa zenyewe, na inayobaki juu ya wenzake ndiyo inaruhusiwa kukaa na wakubwa. Na hata kualikwa huko, nchi lazima kwanza iwe na shirika lake la kriketi, litambuliwe na serikali ya kwao, kisha liandikishwe London.

Mlasi, rafiki yako, akauliza, "Na siye? Zaire iko wapi kwa mahindi?"

Uliangalia kiganja. Hakukuwa na kitu. Ukaokota punje moja iliyotobolewa na wadudu, ukaiweka chini, nje kabisa ya mkeka. "Siye hii. Lakini hata wa Kigoma hawana timu yao peke yao. Wamechanganywa na majirani, na wamefika."

Tulicheka. Nilikuamini, kaka. Wote tulikuamini, na hapo ndipo tulipokosea. Tulikuwa tunacheza bila mtu kutuuliza, sisi wenyewe tukaenda kuomba kutambuliwa! Ulisema njia inaanza na muhuri wa kolektiviti, ofisi ya serikali ya hapa kwetu, halafu Fizi juu, halafu Bukavu, halafu Kinshasa. Ulivaa koti la abakosi la Baba, mikono imekufika kwenye vidole, ukaenda ofisini.

Ulituigizia yule karani mara ngapi? "Muchezo hii iko ya nani? Ya Waingereza? Authenticité, ile asili yetu, mulisahau?" Ukamjibu kwa heshima, "Iko ya kila muntu, Citoyen." Naye akasema, "Kila muntu iko ndani ya Chama. Kundi la vijana iko moja tu." Akatuandika kuwa kundi la animasyo. Ulirudi unaruka. Muhuri tumepata! Tutawachezea ngoma kidogo, ulisema, halafu tutacheza kwetu.

Jumamosi za salongo, ile kazi ya lazima ya serikali, watu walikuja wamenuna na majembe yao. Sisi tulikuja tunaimba, maana kiwanja tulichosawazisha kilikuwa chetu. Kilipokuwa sawa kama meza, kikachukuliwa kwa mazoezi ya ngoma. Vibao vyetu wakavichora mwenge wa Chama. Kulia, kushoto, inua mwenge, piga goti. Tangu muhuri ule, kaka, hatukurusha mpira hata mmoja.

Siku ya mashindano ya Fizi ulikuwa na homa ya siku tatu. Mama alikwenda kukuombea ruhusa. Kiongozi wa vijana akamjibu, "Mama, mwenye kukosa mustari, tutajua iko pamoja na bale ba kule mulimani." Nani angebisha neno hilo, na waasi wako kweli juu ya vijiji vyetu? Ukapanda lori. Kupanda vilima vile vyote uliniegemea, na joto lako lilipita kwenye nguo yangu.

Nyimbo tatu, jua la utosi. Katika wimbo wa pili ulipiga goti ukachelewa kuinuka, watu wakadhani ni ufundi, wakashangilia. Nami, nikuambie yote leo, kwa dakika ile nilipenda makofi yale. Sijawahi kupigiwa makofi maishani.

Wakatangaza, "Baraka imepita!" Ulikuwa umekaa chini, midomo mikavu. Ukaniuliza, "Tumefuzu, Zuhura?" Nikasema ndiyo. Ukacheka.

Zahanati haikuwa na dawa. Ulitutoka njiani kabla hatujaona ziwa. Wakakufunika na kitambaa cha kundi, na hivyo ndivyo Mama alivyokupokea: juu ya kifua chako, uso wa yule tuliyemchezea. Kwenye matanga kiongozi wa vijana alisema umekufa ukilitumikia taifa. Taifa lipi? Lile ulilolitafutia nafasi halikuwahi kukujua.

Mlasi amevuka kwenda Kigoma, hakuaga. Kiwanjani siku zisizo na mazoezi wanafunga mbuzi wa ofisi. Radio yako bado inakwaruza. Juzi niliisikia ile idhaa ya Kiingereza, nikashika maneno machache uliyonifundisha: Zimbabwe wamewashinda wadogo wote, wataingia kwa wakubwa. Nchi iliyopata uhuru juzi hii! Niligeuka kukuambia, kaka, mdomo umeshafunguka. Mkeka ulikuwa mtupu. Nikaizima. Sikuwafurahia. Niliwaonea wivu, kwa sababu huko mtu akishinda mchezo anapewa mchezo mwingine.

Hapa tumeshinda, na zawadi ni kucheza tena Uvira. Tukishinda Uvira, Bukavu. Tukishinda Bukavu, Kinshasa. Njia ile ile uliyotuchorea, kituo kwa kituo, nao wataipita bila wewe, na kwa nyimbo zao.

Mimi sitakuwa kwenye lori.

Sijui watatufanya nini. Nimefikiria Baba, nimefikiria Mama. Nilitafuta uongo, ugonjwa, mguu, mambo ya wasichana. Halafu nikakumbuka kwamba wewe ulikuwa mgonjwa kweli na haikukusaidia. Kwa hiyo nitamwambia kiongozi wa vijana hapana tupu, bila sababu. Nakuahidi hilo, na zaidi ya hilo sina.

Nasikia viatu uani. Baba havai viatu.

Siku zote mtu akikaribia mimi hufunika ninachoandika na kitabu cha shule. Kitabu kiko hapa karibu, mkono umeshaenda wenyewe. Nimeurudisha. Karatasi ibaki wazi, asome kama anajua kusoma.

Pumzika, Kaka Ramazani. Anagonga. Naenda kumfungulia.

Zuhura wako