Kwako Gosbert, Uliyekatwa Langoni mwa Bustani ya Wote

Mwaka umegeuka, Gosbert, tangu jirani yetu Yustasi akuue kwa panga mbele ya bustani uliyoipanda hapa Chonyonyo. Matangazo ya kumbukumbu kama hili hupenda kusema marehemu "alilala". Wewe hukulala. Uliuawa, na hatutalainisha neno ili msomaji anywe chai yake vizuri.

Ulikuwa mtu wa kucheka, ndugu yetu. Uliuza kahawa yako ukanunua miche ya maua, watu wakasema umerogwa, maua yanaliwa na nani? Ukawajibu kwamba macho nayo yana njaa. Kijiji kikakupa kile kiteremko chenye kisima, na leo wajawazito wakitoka kliniki hupumzika kwenye kivuli cha miti yako, na wafiwa huchuma maua bure.

Bustani haikuwa yako wala ya serikali. Iliishi kwa michango. Kila Jumapili baada ya misa ulikaa langoni na kikapu, mwenye noti akatoa noti, mwenye sarafu akatoa sarafu. "Pesa ikishaingia humu ni ya bustani," ulikuwa ukisema, "haina mwenyewe tena." Kisha ulimnyooshea mtoaji kiganja chenye punje za kahawa kavu, mkatafuna pamoja. Na huku kwetu hata mtoto anajua: waliotafuna kahawa ya kiganja kimoja hawamwagiani damu.

Yustasi alitafuna! Alileta bahasha nene kuliko zote, ukampigia makofi mbele ya watu. Kumbe mwenzetu moyoni alishanunua kona ya bustani iliyo barabarani ajenge baa. Alipokuja kuidai, ulicheka. "Yustasi, umechangia, hukununua." Ah, Gosbert! Ulidhani ukicheka wewe, kila mtu anacheka.

Alirudi asubuhi na panga, akaanza kufyeka. Akaangusha miti michanga ya misambya, akaponda vitalu kwa buti. Mkeo Mackrine alikuwa kisimani anachota maji, akakusikia ukisema, "Nikate mimi, miti iache." Ulisema tu, kama watu wasemavyo. Yule akakata. Bega kwanza, kisha shingo. Mackrine alimvamia akamng'ata mkono mpaka panga likaanguka, lakini wewe ulikuwa umeshaanguka kabla yake.

Watu walimpiga Yustasi nusura wamwue, polisi wakamtoa mikononi mwao, na sasa yuko gerezani. Hasira haikuisha. Walipanda kilima hadi kibanja chake, shamba la nyumbani kwao, wakakata migomba yote, na mama yake, bibi Anatolia, akipiga mayowe katikati. Kumkatia mtu migomba huku ni kumzika angali hai. Huku chini Mackrine alikuwa amekupakata, kitenge chake kimelowa damu yako. Aliisikia migomba ikianguka mmoja mmoja, akasema, "Waikate yote."

Tangu hapo ni yeye anayekaa langoni na kikapu. Jumapili iliyopita, bibi Anatolia aliteremka na noti zilizokunjwa kwenye ncha ya khanga. Mackrine hakumpa shikamoo.

"Mama Edgar," bibi alisema, "nimeuza mbuzi. Siombi mwanangu aachiwe, afungwe. Hii ni ya miche aliyoikata."

Mackrine alimpiga kofi. Ndiyo, mbele ya waumini, mwanamke wa umri wa mama yake! Noti zikatawanyika kwenye tope. Edgar, mwanao, akamshika mama yake mikono, Mackrine akawa anapiga kelele, "Pesa ya muuaji! Aile mwenyewe!"

Bibi hakuondoka. Alipiga magoti, akaokota noti moja moja, akazifuta kwenye khanga, akamnyooshea tena kwa mikono miwili. Shavu lilikuwa limevimba. Hakulia. Mackrine ndiye aliyelia. Alitutazama sote kana kwamba wewe umesema naye, akasukuma kikapu mbele kwa mguu.

"Weka. Ikiingia humu haina mwenyewe."

Bibi akaweka. Kahawa hakupewa, akapanda kilima peke yake.

Jumapili hii, baada ya misa ya kukuombea, tutakutana bustanini. Mtu asituletee shada. Alete mchango wa miche. Bibi Anatolia ametuma kuuliza kama naye anaruhusiwa. Tulimwangalia Mackrine, na Edgar alikuwa ameshakunja uso.

"Aje," mkeo alisema. "Shikamoo nitampa. Kahawa nimeshaikausha. Nitaitafuna mimi kwanza, nione kama inapita kooni. Ikipita, nitamnyooshea kiganja."

Unakumbukwa na mkeo Mackrine; wanao Edgar, Placidia na Komujuni; dada yako Benadeta wa Kamuli; wajukuu, majirani, na wote waliotafuna kahawa mkononi mwako. Hatukuachi usahaulike, Gosbert, siku zote tulizobakiwa nazo.