Pasi Inaponyamaza

Mpendwa mshauri,

Leo ni tarehe tisa Juni, na mwezi huu natimiza miaka arobaini na mmoja tangu niondoke kwetu. Nina umri wa miaka sitini na tisa, ni Mkristo, ni msahihishaji katika kiwanda kidogo cha uchapaji, yaani kazi yangu ni kusoma kurasa za watu kabla hazijachapwa na kuzitoa makosa, na ukurasa wako nimeusoma miaka mingi penseli ikiwa mkononi, bila kudhani kwamba siku moja ningekuja kwako na ukurasa wangu mwenyewe.

Chini ya chumba changu pana duka la dobi. Mwenye duka ni mjane, Mwislamu, ana miaka sitini na miwili, na tulijuana kwa sababu ya uzembe wangu wa kusahau vipande vya penseli mifukoni mwa mashati. Alivikusanya kwenye kopo la maziwa ya unga, siku moja akaniwekea kopo mezani, akaniuliza, "Wewe mzee, unaleta nguo au unaleta kuni?" Tangu mke wangu afariki sikuwa nimecheka namna ile. Kuanzia hapo akaniita Mzee Penseli, na mtaa mzima ukafuata.

Anatumia pasi nzito ya makaa kwa kuwa ya umeme haiamini, na kila anapoitua juu ya kibati chake mimi huisikia sakafuni, maana kurasa nyingi huzisomea nyumbani. Nikagundua kwamba kuna nyakati pasi hunyamaza, dakika kumi hivi, kisha inaanza tena. Alikuwa anaswali. Nami nikajizoeza, pasi ikinyamaza naweka penseli chini na kusema Baba Yetu. Mwaka mzima sikumwambia, na nilipomwambia hakucheka, alisema tu, "Kumbe huwa tuko wawili."

Tulipokubaliana kuoana, kaka yake alinijia kwa heshima. "Mzee wangu, dada yetu ni mtu mzima, hatumchagulii. Lakini dini yetu unajua inasemaje. Ukisilimu, hapa ni kwako." Nikajibu, "Sawa." Mshauri, lile neno nililitoa haraka mno. Kwa wiki sita nilitembea chumbani nikikariri shahada, ulimi ukaizoea na moyo ukabaki pale pale, na kila jioni nilishuka ili nimwambie ukweli, na kila jioni nilimkuta na furaha, mara anapima mapazia, mara anasugua masufuria, basi nikaongea habari za mvua.

Siku ikafika. Sebuleni kwake, nyuma ya duka, walikaa kaka yake na mkewe, mwalimu wao wa dini na majirani wawili. Koti langu lilipokelewa likatundikwa nyuma ya mlango. Mwalimu akaniambia kwa upole, "Nifuatishe," mimi nikaomba maji. Nikanywa glasi nzima. Kisha nikasema, "Nisameheni. Mimi namwamini Kristo. Siwezi kuyasema haya." Hakuna aliyefoka. Kaka yake alitazama zulia. Nikatoka bila koti, na mjane mwenyewe alinifuata mpaka ngazini, akasema, "Ungeniambia mimi kwanza, tukiwa wawili." Halafu akauliza, "Utarudi?" Nikamjibu, "Tutaonana."

Ni wiki tano sasa. Natumia mlango wa nyuma kama mwizi. Juzi mke wa kaka yake alinikamata uani. "Shemeji, sijui hata nikuite nani siku hizi. Wifi yangu anasema koti lako liko tayari. Njoo ulichukue, ameshalipiga pasi mara tatu, litatoboka."

Kanisani nilidhani nitapata pa kulilia. Kiongozi wa kikundi chetu cha sala alisimama akamshukuru Mungu kwa kumnasua mzee wetu mtegoni, watu wakaitikia amina kwa nguvu, na mimi, Mungu anisamehe, nikaitikia nao. Pasi bado inanyamaza kwa saa zake, na inaponyamaza naweka penseli chini kama zamani, lakini sala haitoki.

Nilipoondoka kwetu nilimwambia mama yangu, "Nitarudi mvua zikikatika." Jirani aliniandikia baadaye kwamba mpaka anakufa hakukubali mtu alale kwenye kitanda changu. Sina ndugu hapa. Naomba unishauri: nishuke niyaseme yale maneno kwa mdomo tu, kwa kuwa Mungu anaujua moyo wangu na ataelewa? La sivyo, nani atanifumba macho siku yangu ikifika? Au ninyamaze mpaka uchungu uishe wenyewe?

Mzee Penseli

*

Mzee wangu,

Shikamoo. Nimeitanguliza kwa sababu nitakayoyasema si ya kumwambia mtu wa rika lako bila kupiga goti.

Pole sana. Anayedhani mtu wa miaka sitini na tisa haumizwi na mapenzi, yeye hajafika huko. Na imani yako usiionee aibu. Ulikuwa umezungukwa na watu wema, unayempenda akiwa hatua tatu tu kutoka kwako, na bado hukuweza kumkana Kristo. Shika hilo.

Lakini usijipambe nalo. Wiki sita ulijua. Kazi yako ni kuona kosa kabla halijachapwa, na hili uliliona, ukaliacha lisomwe mbele ya wageni. Kwamba dini zenu ni mbili, mama huyo alilijua tangu siku ya kopo. Hakujua kwamba anasugua masufuria ya harusi isiyokuwepo. Alikuambia mwenyewe ngazini, nawe barua nzima umeniandikia kana kwamba hukumsikia.

Kuyasema kwa mdomo tu: hapana, na usiliulize tena. Yeye pasi ikinyamaza anamaanisha kila neno. Utamlipa uongo? Angeolewa na mtu ambaye hayupo, na wewe ungekaa katika nyumba hiyo ukijificha Mungu asikuone. Kama ungesilimu kwa moyo wako, ningekuwa nakujibu mengine. Moyo wako umeshasema.

Kuhusu amina ile, hapo nimekukasirikia kweli. Wenzako hawamjui. Wewe unamjua, ukakaa ukaitikia. Jumapili mwendee kiongozi wenu, mweleze kwa adabu kwamba aliyemwita mtego ni mwanamke mwaminifu aliyekutendea mema. Kisha mwombe akuombee kama mtu aliyefiwa, maana ndivyo ulivyo, na umwambie waziwazi kwamba unaogopa kufa peke yako. Huo ni mzigo wa kanisa lako kuubeba. Usimtwike mama wa watu.

Sasa koti. Koti lililokwisha kunyooka halipigwi pasi mara ya tatu kwa ajili ya mikunjo. Alikuuliza kama utarudi, ukamwachia neno ambalo kila anayeondoka huliacha. Wewe, kati ya watu wote, unajua kitanda kinavyotunzwa miaka na miaka kwa ajili ya asiyekuja. Huyu usimfanyie hivyo.

Shuka mchana, duka likiwa wazi, wifi yake akiwepo. Omba radhi kwa zile wiki sita, bila mahubiri. Jibu swali lake kwa neno asiloweza kulielewa kwa namna mbili. Chukua koti, chai usinywe. Halafu utafute chumba kingine kabla mwezi haujaisha, maana hiyo sakafu itakumaliza. Na siku zilizobaki, pasi ikinyamaza, sali hata kama sala haitoki. Saa zile hazijakukosea kitu.

*

Wiki tatu baadaye mzee alituletea maneno haya, akaomba yachapwe chini ya jibu.

Mpendwa mshauri,

Nilishuka saa nne asubuhi. Nilimkuta anakunja shuka, nikashika pembe mbili za upande wa pili kwa kuwa ilimzidi urefu, na nikaomba radhi huku tunakunja. Shuka ilipoisha akaiweka juu ya nyingine. Akanipa koti. "Utarudi?" akauliza tena. Nikamwambia, "Hapana, mama. Sitarudi." Akaniangalia kidogo, akasema, "Haya. Ahsante kwa kuniambia mimi." Wifi yake akajifanya anatafuta vifungo chini ya meza.

Kiongozi wetu wa sala aliniomba msamaha. Wiki hii amekuja mara mbili kukaa nami, ingawa anaongea sana.

Nimehamia ng'ambo ya pili ya mji. Chini yangu yupo fundi baiskeli, nyundo yake haina saa maalumu. Nasali kwa saa zile zile, nakisia tu. Nilipotundika koti niliikuta penseli mfukoni, mpya, imechongwa.

Kwa penseli hiyo nimewaandikia watoto wa yule jirani, wanaotunza nyumba ya mama. Nimewaambia kitanda wampe mtu mwenye haja nacho. Sitarudi.