Maneno ya Elifazi Niliyoyasoma Msibani

Mwalimu Rehema,

Shikamoo. Nimeandika neno hilo kwa mazoea, kisha nikakaa nikilitazama, maana hakuna wa kuniitikia. Basi lipokee hivyo hivyo.

Habari za huku ni za kawaida. Nyumba yako ya Itaka anakaa mwanao Eliza na watoto wake. Kahawa wamevuna wenyewe mwaka huu, ingawa mvua ilichelewa na punje zimekuwa ndogo. Ubao wako bado uko sebuleni, wajukuu wanachorea ng'ombe. Mimi nipo Tunduma, nafanya kazi kwenye ghala lile lile la mahindi, na tangu ulipotutoka ushirika wetu wa kanisa umenifanya mwinjilisti. Ungesikia ungecheka kidogo, halafu ungeniuliza nimesoma nini wiki hii.

Nakuandikia kwa sababu nimekosea, na kosa lenyewe ni lile ulilonikanya kwa miaka mitatu.

Nilipokuja kwako mara ya kwanza nilikuwa nimetoka Ibaba na mistari mingi kichwani. Nilitaka uone ninavyojua. Nikakaa kwenye kigoda, nikakusomea kwa moyo mstari baada ya mstari, wewe unachambua maharage. Nilipomaliza uliniuliza, "Huo wa tatu, nani anasema, na anamwambia nani?" Sikujua. Ukasema, "Basi bado si wako," ukaendelea na maharage yako. Nilirudi Tunduma nimekasirika. Jumamosi iliyofuata nikaja tena.

Ulikuwa umestaafu kufundisha darasa la nne, lakini mimi ulinifundisha kama mtoto wa darasa la nne. Hukuniruhusu kueleza mstari kabla sijasoma sura nzima kwa sauti. Halafu ulinitaka nieleze kwa Kindali, lugha ya kwetu, kana kwamba naongea na mama yangu jikoni. Hapo ndipo nilipokuwa nakwama. "Kama huwezi kumweleza mama yako, hujaelewa, umekariri." Wewe mwenyewe Kindali ulikuwa unakisikia nusu tu, Mnyiha wa watu, lakini ulijua kabisa nilipokuwa nababaisha.

Sasa nikwambie kilichotokea.

Wakati wa masika walifiwa Baba Upendo na Mama Upendo, wale vijana wanaokaa nyuma ya kanisa, unawakumbuka. Upendo alikuwa na miaka sita. Homa ya siku tatu, wakampeleka hospitali, hakurudi. Maziko yalikuwa kwao Baba Upendo, kijijini Ruanda. Mchungaji alikuwa safarini, nikatumwa mimi.

Taarifa niliipata asubuhi na maziko yalikuwa mchana. Ningeweza kuwaambia watu sina maneno, tuimbe, tuombe, tukae na wafiwa. Lakini nilikuwa mwinjilisti mpya. Kwenye gari nikafungua Biblia ya kwenye simu, nikaandika neno "angamia", ikaniletea orodha ya mistari. Mmoja ukanipendeza. Unauliza ni mtu gani asiye na hatia aliyewahi kuangamia. Nikaona ni swali zito la kuwafanya watu wajichunguze. Nikaunakili kwenye karatasi. Sura sikuifungua, Mwalimu. Naandika kama ilivyokuwa.

Nikasimama mbele ya jeneza lile dogo, nikausoma, nikahubiri. Nikasema kifo hakiingii nyumbani bila mlango kufunguliwa. Nikasema kila mmoja ajiulize amefungua mlango gani. Watu waliitikia amina. Wazee wa pale walinishika mkono wakaniambia nimehubiri vizuri. Nikarudi Tunduma nimeridhika.

Mama Upendo hakuonekana tena kanisani. Nilidhani ni uchungu tu. Zilipita kama wiki sita, ndipo jirani yao, mama mmoja anayeuza vitenge pale sokoni, akaniita pembeni akaniambia, "Mwinjilisti, unajua ulichokiacha kwenye ile nyumba?" Mama mkwe wa Mama Upendo alikuwa amehamia pale tangu msiba, na kila siku alikuwa anamtaka mkwewe aseme alifanya nini. Alitembea na nani. Alikwenda kwa mganga gani. Baba Upendo alikuwa kimya, na kimya chake kilikuwa kibaya kuliko maswali ya mama yake. Walikuwa wameshaanza kuzungumza habari za kumrudisha kwa wazazi wake. Na Mama Upendo mwenyewe alikuwa amemwambia jirani, "Si limesomwa kwenye Biblia? Kuna kitu nilifanya, ila mimi sikijui."

Nilikwenda nyumbani nikafungua kitabu cha Ayubu. Nikaanzia mwanzo, kwa sauti, kama ulivyonizoeza. Nilipofika kwenye ule mstari nikaona aliyesema ni Elifazi, mmoja wa marafiki waliokuja kumfariji Ayubu baada ya kufiwa na watoto wake wote. Si Mungu aliyesema. Wala si nabii. Ni mtu mmoja aliyekuja msibani akaongea.

Niliendelea mpaka mwisho, na mwishoni Mungu anamwambia Elifazi huyo huyo kwamba amemkasirikia, yeye na wenzake wawili, kwa sababu hawakunena yaliyo sawa juu yake kama Ayubu alivyonena.

Yaani maneno ambayo Mungu mwenyewe aliyakataa, mimi niliyabeba kwenye karatasi mpaka Ruanda, nikayasoma mbele ya mama aliyefiwa, nikasema Bwana asema.

Mchungaji nilimweleza. Ni mtu mwema, nawe ulimheshimu. Aliniambia, "Mambo ya msiba yamepita, usiyachokonoe. Mwombee tu." Nilitamani sana kumtii. Siku mbili nzima nilimtii.

Siku ya tatu nikaenda. Niliwakuta wote watatu nyumbani. Mama mkwe alinikaribisha kwa furaha, akidhani nimekuja kumsaidia kuuliza. Nikaomba niketi, nikawaambia nimekuja kuwasomea ambacho sikuwasomea siku ile. Nikasoma sura za mwanzo, pale Ayubu anapoitwa mtu mkamilifu kabla ya kufiwa. Nikasoma maneno ya Elifazi, nikasema, "Haya ndiyo niliyosoma kaburini, na aliyesema ni huyu." Kisha nikasoma mwisho, Mungu anavyomkemea. 

Nikasema, "Mama Upendo, nilikosea. Mtoto wenu aliugua akafa. Biblia haikusema ni kosa lako. Ni mimi niliyesema."

Baba Upendo alikuwa ameinama, viwiko magotini, nikaona mabega yanatikisika. Mama mkwe alisema taratibu, "Sasa wiki zote hizi mimi nilikuwa namuuliza nini mtoto wa watu?" Akatoka nje.

Mama Upendo aliniangalia. Akauliza, "Siku ile ulikuwa hujasoma mpaka mwisho?"

Nikasema, "Sikusoma hata mwanzo."

Akasema, "Nimekusikia. Kwa leo nenda tu."

Nikaenda. Sikutegemea zaidi ya hapo.

Jumapili nikasimama kanisani nikasema yote, maana niliyoyasema Ruanda nilikuwa nimeyasema mbele za watu. Baadhi ya wazee wa kanisa walisema nimeidhalilisha madhabahu, kwamba watu sasa watakuwa wanahoji kila mahubiri. Nikasimamishwa kuhubiri kwa miezi mitatu. Sikubishana. Niliachiwa kipindi cha Jumatano cha kujisomea, ambacho huwa tunakuwa watu saba au wanane. Tukakubaliana tukisome kitabu kile kile cha Ayubu, sura mbili kila Jumatano, hakuna kuruka.

Jumatano ya tano Mama Upendo aliingia, akakaa kwenye benchi la mwisho. Mumewe alikuwa naye. Tulikuwa tumefika pale Ayubu anapomlalamikia Mungu waziwazi, anamuuliza kwa nini anamfanyia hivi, anamtaka amweleze kosa lake. Nikauliza nani atatusomea. Akanyoosha mkono yeye.

Alisoma sura nzima. Alisoma polepole, na mahali pawili alisimama akafuta macho kwa ncha ya kitenge, kisha akaendelea. Hatukumharakisha. Alipomaliza alifunga kitabu, kidole chake kikiwa katikati ya kurasa, akauliza, "Na huyu ndiye Mungu alisema amenena sawa?"

Nikasema ndiye.

Akasema, "Kumbe haya maneno yamo. Mimi nimekuwa nayasema peke yangu shambani, naogopa."

Sikuongeza kitu, Mwalimu. Nadhani hapo ungenipa alama nzuri.

Anaendelea kuja. Hatujawa marafiki, na sidhani nina haki ya kudai hilo. Mama mkwe amerudi Ruanda. Alipokuwa anaondoka alimwachia mkwewe shamba la maharage la upande wa mtoni alilime yeye, na wote tulielewa kwamba hiyo ndiyo namna yake ya kuomba radhi.

Mwezi ujao wanakwenda kujengea kaburi. Wameniomba niende nao. Somo amelichagua Mama Upendo mwenyewe, amenitumia kwa simu sura na kitabu. Nimeshakisoma kitabu chote mara mbili, na kesho naanza mara ya tatu. Nakuahidi kwamba pale kaburini nitasoma alichochagua, nitasema ni nani anayesema na kwa nani, kisha nitanyamaza nikae chini na wafiwa.

Pumzika, Mwalimu wangu. Kazi uliyoifanya kwangu haikuharibika, ila ilichelewa kushika.

Mwanafunzi wako,
Ambakisye