AC ya Pikapu na Mama Mkwe

Ndugu yangu, nimekwisha.

Si unajua wiki nzima najisifu kuwa nimetengeneza AC ya pikapu? Nimebadilisha feni, nimejaza gesi, nikampandisha mama mkwe mbele, nikamwambia leo ataomba shuka.

Nimeiwasha mpaka mwisho. Ikakohoa. Halafu manyoya, pamba, matambara… kiota kizima cha panya usoni kwa mama mkwe. USONI! Kumbe fundi mimi njia ya hewa sikuichungulia kabisa.

Hakupiga kelele. Akajipangusa, akauliza, "Baba, baridi ndiyo hii?"

BARIDI NDIYO HII!

Akashuka, akapanda nyuma, akakalia tairi la spea. Nimepita mtaa mzima niko mbele peke yangu, mkwe nyuma kama gunia.

Tulipofika akaniambia, "Asante, baba. Huku nyuma AC yako inapuliza vizuri sana."