Kuku ya mama-mukwe

Bibi yangu Musonda,

Mume wako muzee, mimi babu yako, ninakusalimia. Ule kijana wako wa Kolwezi avumilie, mimi ndiye nilitangulia. Huku Kampemba tuko salama, ni meno yangu tu ndiyo yananikimbia.

Unasema pande za shasi, ile fremu ya chini ya nyumba yako ya magurudumu, ziko sawa, na unauliza kama unaweza kuinua kuta. Ngoja kwanza.

Wakati wa wakoloni, muji wetu ukiitwa Elisabethville, mama ya nyanya yako, ule nkambo yako mwanamuke, alitaka nyumba ya namna hiyo, ya kukokotwa nyuma ya kamyo, alale ndani akienda Kasenga kununua samaki. Nikiijenga vizuri, angenipa binti yake. Nikasawazisha shasi juu ya matofali, nikapima pande zote, nikashika ubao wa kwanza. Yeye akatokea. Unajua desturi yetu: mukwe na mama-mukwe hawasemeshani. Akamugeukia kuku yake.

"We kuku, ambia huyu fundi wa haraka apime pembe kwa pembe!"

Nikavuta kamba pembe kwa pembe, huku na huku. Kamba moja ikapita ingine kwa urefu. Shasi ilikuwa imeegama kama mulevi.

"Kuku," nikasema, "ambia Mama aksanti sana."

Nikaigonga nyundo mpaka kamba zikalingana. Angeweza kunifukuza, lakini alinifundisha. Ninamushukuru mpaka leo, kila nikimutazama nkambo yako mwanamuke.

Siku ya ndoa, bajomba walitaka kuchinja ile kuku. Mama-mukwe akakataa: "Mukiichinja, nitaongea na mukwe wangu namna gani?"

Pima pembe, bibi yangu.

Mume wako wa kwanza,
Nkambo